Pasua giaboksi, usiiuze kwa kilo

Barabara ya kutoka Mbinga kwenda Mbamba Bay siku hizi ni lami, takribani kilomita 66, na abiria wa basi anaweza kusinzia njia nzima mpaka aamshwe na joto la ziwa. Lakini mlima uko palepale. Milima ya Umatengo inapanda hadi karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500. Gari linateremka tofauti hiyo kona baada ya kona, na vinavyolizuia lisijitupe ni viwili: breki, ambazo kila mtu anazijua, na gia, ambazo wengi wanazishika kila siku na hawajawahi kuziona.

Giaboksi ni chombo kinachotumika sana na kuonekana kidogo. Imefungwa ndani ya sanduku la chuma, imezama kwenye oili, iko chini ya miguu ya dereva. Dereva mzoefu anaijua kwa sikio. Akisikia beringi inalia anakwambia ni ya mbele au ya nyuma. Fundi naye anaifungua ikishaharibika, na hapo anachokiona ni vipande vilivyotandazwa juu ya gunia. Mwanafunzi wa ufundi magari ndiye mwenye bahati mbaya kuliko wote: anachorewa ubaoni duara tano zenye meno, anaambiwa hii inazungusha ile, anajibu mtihani, anafaulu, kisha anaingia gereji na kuanza kujifunza upya.

Dawa ya tatizo hili ni ya zamani. Unachukua giaboksi iliyokufa, unaikata dirisha ubavuni, unaisafisha, unaipaka rangi, unaiwekea mpini wa kuzungushia kwa mkono, unaipandisha juu ya stendi. Mkono wa gia unabaki na kazi yake, meno yanashikana na kuachana mbele ya macho. Viwanda vya magari vyenyewe vilikuwa vikipasua injini na giaboksi namna hiyo kwa ajili ya maonyesho, na vyuo vikaiga. Ninachosema mimi ni kwamba watu wa wilaya za Mbinga na Nyasa wana kila kinachohitajika kufanya hivyo wenyewe: mafundi wa kuchomelea, vijana wa kufundishwa, mteremko wa kufundishia, na nyuma ya gereji nyingi, mzigo wa giaboksi za malori ya zamani zinazosubiri mnunuzi wa chuma chakavu.

Nasema malori ya zamani makusudi. Giaboksi ya lori jipya la kubeba makaa ya mawe ina gia kumi au zaidi, ina vali za upepo, na siku hizi nyingine zina kompyuta inayoamua badala ya dereva. Ukiipasua hiyo utamchanganya mwanafunzi kabla hujamfundisha. Giaboksi ya Bedford ya gia nne haifichi kitu. Shafti tatu, gia chache, foku, na mfuniko wa juu wenye mkono. Mtu mwenye akili ya kawaida akiitazama nusu saa anaielewa.

Na ndizo zilizoujenga mkoa. Kabla ya lami, Ruvuma ilikuwa mbali na kila mahali. Chama cha ushirika cha Wangoni na Wamatengo, NGOMAT, kilianzishwa mwaka 1936 kwa ajili ya tumbaku. Kahawa nayo ikashika mizizi Umatengo, na hadi leo Ugano kuna kituo cha utafiti wa kahawa. Mazao hayo yote yalipaswa kutoka. Lami ya Songea hadi Makambako ilikamilika katikati ya miaka ya 1980. Ile ya Peramiho hadi Mbinga, kilomita 78, ilingoja fedha za Wamarekani za mfuko wa MCC, miaka mingi baadaye. Kabla ya hapo ilikuwa vumbi kiangazi na utelezi masika, huku utingo akining'inia nyuma na kigogo mkononi, tayari kuruka na kukisukumiza nyuma ya tairi lori likikataa mlima.

Malori ya enzi hizo Tanzania yalikuwa na majina ambayo wazee wanayataja kama majina ya jamaa. Bedford, lililotengenezwa na Vauxhall ya Uingereza tangu 1931, na lile la TK lenye kichwa bapa lililotoka 1959. Leyland. Baadaye Isuzu na Scania. Kwenye barabara kuu ya kwenda Zambia alitawala Fiat: walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao Novemba 11, 1965 na njia ya kusini ya Zambia kuingia mashakani, kampuni ya pamoja ya Zambia na Tanzania ya uchukuzi iliundwa mwaka uliofuata na kuingiza malori hayo ya Kiitaliano kwa mamia kubeba mafuta na shaba. Madereva waliokomaa kwenye njia hizo walijifunza kwa kuchapwa maneno na kwa kusikiliza meno yakisaga. Hakuna aliyewaonyesha ndani.

Basi tutazame ndani. Upande wa injini inaingia shafti fupi ya klachi. Chini yake kuna shafti ndefu yenye gia kadhaa zilizokazwa zisiachane nayo. Mafundi wengine huiita leishafti. Juu, kwenye mstari mmoja na ile fupi, kuna shafti kuu inayotoka nyuma kwenda kwenye propela. Nguvu inaingia juu, inashuka chini, inapanda tena juu na kutoka. Ndiyo safari nzima.

Hesabu yake ni ya darasa la saba. Tuseme gia ya shafti ya klachi ina meno 20 na imeshikana na gia ya meno 40 ya shafti ya chini. Hapo mwendo umekatwa nusu. Kwenye shafti hiyohiyo ya chini kuna gia ndogo ya meno 15. Ikikamata gia ya meno 45 ya shafti kuu, mwendo unagawanywa tena kwa tatu. Mbili mara tatu, sita: injini izunguke mara sita ndipo propela izunguke mara moja. Kinachopotea kwenye mwendo kinarudi kwenye nguvu ya kusokota, karibu mara sita, ukitoa kidogo kinacholiwa na msuguano. Hiyo ndiyo gia namba moja, inayopandisha magunia ya kahawa pale ambapo gia ya pili inazima injini.

Kwenye giaboksi iliyopasuliwa hesabu hii haihitaji ubao. Chora alama ya chaki kwenye mpini, chora nyingine kwenye flanji ya nyuma, mwambie mwanafunzi azungushe na kuhesabu kwa sauti. Atafika sita na alama ya nyuma itakuwa imerudi juu. Weka gia ya pili, hesabu itapungua. Weka ya nne, alama mbili zinakwenda sambamba, na hapa ndipo darasa linaposhangaa: gia ya nne haipo. Hakuna jozi ya meno ya gia hiyo. Kinachofanyika ni shafti ya klachi na shafti kuu kufungwa pamoja zikawa kitu kimoja, huku ile ya chini ikizunguka bure. Kurudi nyuma nako hakuna uchawi. Gia mbili zikishikana huzunguka kinyume. Penyeza ya tatu katikati, mwelekeo unageuka.

Nirudi kwenye mteremko wa ziwa, maana ndiyo sababu hasa ya kuandika haya. Kila dereva ameambiwa ateremke kwa gia ileile ambayo angepandia. Wachache wameambiwa kwa nini. Lori lenye matairi ya saizi 900 kwa 20, ambayo mzunguko wake ni kama mita 3.2, likienda kilomita 10 kwa saa, tairi linazunguka kama mara 52 kwa dakika. Ikiwa difu inagawanya kwa sita, propela inazunguka kama mara 312. Kwa gia namba moja ya mfano wetu, injini inalazimishwa kuzunguka karibu mara 1,870 kwa dakika, na injini isiyopewa mafuta haitaki kuzungushwa hivyo. Inavuta nyuma, inalishika lori. Kwa gia ya nne, mwendo huohuo, injini inatakiwa mara 312 tu, chini hata ya mwendo wake wa kupumzika. Haishiki kitu.

Na dereva anayetia frii ili kuokoa dizeli? Kwenye giaboksi iliyopasuliwa unamwonyesha kwa sekunde moja. Weka mkono wa gia katikati, mwambie ashike mpini wa mbele kwa nguvu zake zote, wewe zungusha flanji ya nyuma kwa kidole. Inazunguka. Anashika injini na injini haijui kwamba gurudumu lipo. Mzigo wote wa mlima umebaki kwa breki, nazo zikishapata moto huanza kulegea, na kanyagio hushuka hadi sakafuni pale ambapo kona bado ziko mbele. Nimesoma vibao vingi vya onyo kwenye miteremko ya nchi hii. Sijaona kinachofundisha kama kidole hicho.

Malori ya zamani yaliongeza hatari ya pili. Gia namba moja na ile ya kurudi nyuma, kwa mengi yao, zilikuwa za kusukumana meno kwa meno, bila sinkro ya kuzilainisha. Sinkro ni pete ya shaba yenye umbo la koni inayogusana kwanza na gia na kuilinganisha mwendo kabla ya meno kufungana. Ni kazi ya Mmarekani Earl Thompson, na ilionekana kwanza kwenye magari ya Cadillac mwaka 1928. Pasipo sinkro dereva mwenyewe ndiye sinkro: kanyaga klachi, toa gia, achia klachi, piga resi kidogo ili shafti ya chini iongeze mwendo, kanyaga tena, tia gia. Dabo klachi. Akikosea katikati ya mteremko anabaki frii bila kukusudia, lori linaongeza mwendo, na kila sekunde inayopita gia inazidi kukataa. Ndiyo maana wazee walichagua gia juu, kabla ya kuanza kushuka, wakaacha kuugusa mkono hadi chini.

Sasa kazi yenyewe ya kupasua. Giaboksi ya kukata iwe mbovu kweli: yenye meno yaliyolika, pete za sinkro zilizokwisha, au nyumba, yaani sanduku la nje, iliyopata ufa. Nzima iache ifanye kazi. Mwaga oili kwanza. Itatoka nyeusi na nzito, na harufu kali ya salfa itakaa mikononi siku mbili. Ichangue yote, osha kwa dizeli, na kila kipande kinachotoka kipange kwa mfuatano wake juu ya ubao. Usikate nyumba ikiwa na shafti ndani. Unga wa chuma ukiingia kwenye beringi, mzunguko laini umeuaga.

Kisha tazama pa kukata, na hapa pana haja ya kutulia. Ukuta wa mbele na wa nyuma usiguswe, maana ndiko beringi zinakokalia. Ukivipunguza viti vyake hata kidogo, shafti zitapoteza mstari na meno hayatakaa sawa tena. Dirisha linakatwa ubavuni, upande unaoionyesha shafti ya chini, na la pili kwenye mfuniko wa juu ili foku zionekane. Acha mbavu za kuimarisha zilizosubiwa pamoja na nyumba. Chora dirisha kwa chaki, pembe ziwe za mviringo, toboa tundu kila pembe kabla ya kukata, kwa sababu chuma cha kusubu kinapasuka na ufa hupenda kuanzia kwenye pembe kali. Grainda yenye diski nyembamba inatosha, pamoja na miwani na kitambaa puani. Vumbi lake ni jeusi na halifai kifuani. Kama nyumba ni ya aluminiamu, diski itajaa na kuanza kupaka badala ya kukata. Hapo rudi kwenye msumeno wa mkono, ukiupaka mafuta ya taa kila mara. Unachelewa, lakini mkato unatoka safi.

Kingo zote zipitishwe tupa, kwani vidole vya wanafunzi vitaingia humo upende usipende. Desturi ni kupaka rangi nyekundu pale penye mkato, ili mtazamaji ajue kwamba hapa palikuwa na ukuta. Gia za shafti ya klachi rangi moja, za chini rangi nyingine, za shafti kuu ya tatu, ya kurudi nyuma peke yake. Rangi iishie ubavuni mwa gia. Meno yabaki wazi, na beringi zipate grisi nyepesi tu.

Mpini wa kuzungushia unawasumbua wengi bila sababu. Wanakwenda kutafuta fundi wa kuchonga meno yatakayoingia kwenye shafti ya klachi, na hiyo ni ghali. Chukua diski ya klachi iliyokwisha ya lori hilohilo, kata kitovu chake cha katikati, chomelea mpini juu yake. Kitovu hicho tayari kina meno yanayoingia kwenye shafti bila kulegea, kiwanda kilishakuchongea. Wengine hupenda kuweka mota ya waipa ili giaboksi ijizungushe yenyewe. Inapendeza macho kwenye maonyesho ya Nanenane. Darasani siipendi, kwa kuwa mkono ukizungusha ndio unaohisi gia namba moja ilivyo nyepesi na ya nne ilivyo nzito.

Tuje kwenye mfuniko wa juu, sehemu ambayo binafsi ningeikata hata kama ningekatazwa kukata kwingine. Humo kuna fimbo tatu za chuma zinazobeba foku, na kila fimbo ina vishimo vidogo. Gololi ikisukumwa na springi inadumbukia kwenye kishimo, na ule mdundo mdogo unaousikia mkononi gia inapoingia ni gololi hiyo. Lakini kuna nyingine, zilizofichwa katikati ya fimbo na fimbo, zisizo na springi. Fimbo moja ikisogea, inazisukuma gololi hizo zikaingie kwenye fimbo za jirani na kuzifunga. Kwa hiyo haiwezekani kutia gia mbili kwa mpigo. Ni kazi ndogo mno na ni ya akili nyingi mno. Na ndizo gololi zinazopotea giaboksi inapofunguliwa kwenye uwanja wa vumbi: inaruka moja, inabiringika, haionekani, fundi anafunga bila hiyo na gari linaondoka vizuri. Kisha siku moja foku mbili zinasogea pamoja, shafti kuu inaambiwa izunguke kwa mwendo wa aina mbili wakati mmoja, na magurudumu ya nyuma yanakwama barabarani. Mwanafunzi aliyeiona gololi ikifunga fimbo kwa macho yake atapiga magoti na kuitafuta.

Ufukwe wa Nyasa una kumbukumbu nzuri ya mashine zilizofunguliwa na kufungwa upya. Meli ya Chauncy Maples ya wamisionari wa Kianglikana, waliokuwa na kituo pia Liuli, iliundwa Scotland, ikavunjwa vipande 3,481, ikasafirishwa hadi kusini mwa ziwa, ikaunganishwa na kushushwa majini mwaka 1901. Ukilinganisha na hilo, giaboksi moja ya Bedford ni kazi ya likizo.

Wakati wenyewe unadai. Tangu machimbo ya Ngaka yaanze kutoa makaa ya mawe mwaka 2011, kata ya Ruanda na njia ya Kitai zimezoea malori marefu kuliko yoyote ambayo wazee wa Umatengo waliyaona. Bandari ya Mbamba Bay inajengwa upya, na mpango wa ushoroba wa Mtwara ni kwamba mizigo ivuke mkoa mzima kutoka bahari hadi ziwa. Vijana watakaoyaendesha na kuyatengeneza malori hayo wanatoka humuhumu. Giaboksi ya gia kumi kimsingi ni ileile ya zamani ikiwa na nyingine ndogo nyuma yake inayozidisha gia tano mara mbili. Aliyeielewa ya kwanza ataielewa ya pili kwa mchana mmoja. Asiyeielewa atakariri michoro ya kwenye kitasa cha mkono wa gia, na siku upepo ukiisha kwenye mipira asijue kwa nini gia haziingii.

Tatizo ni kwamba mali ghafi inatoweka. Mnunuzi wa chuma chakavu anapita na mizani, halipii historia wala mafunzo, analipia kilo, na giaboksi ya lori ina kilo nyingi. Ikishapanda gari la kwenda kiwanda cha kuyeyusha chuma, itarudi Mbinga ikiwa nondo.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wenye gereji wa Mbinga, Kigonsera, Mbamba Bay na Lituhi, na kwa waliorithi lori bovu lililoota nyasi uani. Kabla hujaita mwenye mizani, piga simu chuo cha ufundi kilicho karibu nawe, au shule ya sekondari yenye mwalimu wa fizikia anayejituma, uwaambie waje kuchukua giaboksi. Wape na diski ya klachi ya zamani, na mfuniko wa juu ukiwa mzima. Na kama gololi moja imepotea, waambie mapema.